Ukuta Usiopigwa Msumari

6 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na kabla ya jioni baraza yangu ilikuwa imeshageuka shamba la mpunga. Hiyo ni kazi ya wateja wa mpangaji wangu. Nimeweka gunia mlangoni la kufutia miguu, gunia zima, jipya. Wenyewe wanaliruka kama wameona nyoka, halafu wanakwenda kupangusa matope kwenye sakafu niliyoideki asubuhi.

Nimeamua kuandika masika haya, kwa sababu nikisema watu wanadai nina mdomo. Karatasi haijibu, na haiendi kunisema kwa majirani.

Basi niandike vizuri. Mpangaji wangu ni msusi. Anaishi chumba cha nyuma na binti yake ambaye hajafika miaka mitatu. Mumewe ni dereva wa lori, humwoni ila kwa bahati. Mtoto ana jina zuri tu alilopewa na bibi yake, lakini hakuna anayelijua. Kila mtu anamwita Kamanda, kwa sababu anaamrisha watu. Akikunyooshea kidole na kusema "Kaa!", unakaa. Mimi mwenye nyumba nimewahi kujikuta nimekaa.

Mimi na wao tumepakana ukuta mmoja. Upande wao ni chumba cha kulala, upande wangu ni sebule. Ukuta huo aliujenga na kuupiga lipu marehemu mume wangu, mwashi, kwa mikono yake, mwaka wa mwisho kabla hajaanza kuumwa. Laini, unaweza kuulalia shavu. Kwa hiyo katika nyumba hii kuna sharti moja: msumari hauingii ukutani. Kalenda wanabandika kwa gundi ya karatasi. Hata picha ya mume wangu mwenyewe, ile kubwa ya fremu, nimeiegemeza tu juu ya meza. Mpangaji siku ya kwanza aliitazama akaniuliza, "Mama, hata baba hana msumari?"

Nikamwambia hata baba.

9 Machi

Mpangaji kanunua kabati. Kabati gani, ghorofa! Droo tano, linanifika kidevuni. Kalitengeneza mdogo wangu, ambaye kwa watu wengine anaitwa Fundi na kwangu mimi ataitwa Mdogo mpaka meno yamtoke. Kalileta kwa mkokoteni, kabati limefunikwa turubai, yeye kaloa chapachapa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hiyo mashine mkononi ya nini?"

"Ya kutobolea."

"Kutoboa nini?"

Akaanza kutazama mabati. Mimi namjua tangu anatambaa. Akitazama juu, kuna jambo.

"Dada, kuna sheria mpya," akasema. "Kabati la droo haliuzwi likaachwa limesimama hivi hivi. Aliyeliuza ndiye anayelifunga ukutani. Watoto wanavuta droo, wanazipanda kama ngazi, kabati zima linawaangukia."

"Sisi tulikua bila kabati kufungwa ukutani, na tuko hai."

"Sisi tulikua bila kabati, dada. Nguo zetu zilikuwa kwenye kamba."

Nikamwambia hiyo sheria ikatoboe ukuta wa aliyeitunga. Watu wamekosa kazi huko maofisini, mvua inawazuia kutoka, wanakaa wanabuni mambo ya kutusumbua. Akasema hawezi kuliingiza ndani bila kulifunga, wakimkuta wanamfungia karakana. Nikasema na mimi siwezi kutobolewa ukuta. Basi akaliacha barazani akaondoka, na mashine yake kwapani.

10 Machi

Kabati liko barazani. Nimejigonga goti.

11 Machi

Kabati liko barazani. Goti lile lile.

12 Machi

Hatimaye. Mdogo kaja asubuhi, kaingia kwa mpangaji, mara nikasikia nyundo. Niliruka kama nimemwagiwa maji ya moto. "Tulia, dada," akanipigia kelele, "siugusi ukuta wako!"

Nikaingia kuona. Kabati jipya limesimama kwenye ule ukuta wangu, mkabala na kitanda, na pembeni yake lile kabati la nguo la mpangaji, la plaiwudi, lenye kioo mlangoni. Mdogo kachukua mkanda mnene, ule wa kufungia mizigo kwenye malori, kapigilia ncha moja mgongoni mwa kabati la droo na ncha nyingine mgongoni mwa lile la nguo.

"Sheria inataka lifungwe," akasema. "Limefungwa."

Mpangaji akauliza, "Na lile la nguo limefungwa wapi?"

"Kwenye hili."

Tukacheka wote. Nilimsifu mdogo wangu, nikamwambia marehemu mama yetu hakukosea kumpeleka ufundi. Ukuta haukuguswa, sheria imeshiba, na goti langu limepata nafasi ya kupona. Mpangaji peke yake ndiye alibaki ameshika kiuno, akiyatazama makabati yake.

14 Machi

Mvua. Matope. Gunia halijaguswa.

19 Machi

Leo nimepatwa na mgeni wa manispaa. Mwembamba, mrefu, suruali kaikunja mpaka magotini, viatu kavishika mkononi, na shingoni kaning'iniza futi ya kupimia kama fundi nguo. Mtaani wameshampa jina: Bwana Futi. Anapita nyumba kwa nyumba kukagua mambo ya hiyo sheria ya usalama wa watoto. Nakiri jambo moja tu la kumsifia: alisimama kwenye gunia akafuta miguu yote miwili, wa kwanza tangu mvua ianze.

Baada ya hapo alinichefua moja kwa moja. Akaingia kwa mpangaji, akapima kabati kwenda juu, akapima kina chake, akachungulia nyuma. Akauona mkanda. Akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kabati la nguo, akarudi nao mpaka la droo, akanitazama.

"Mama, hapa mmemfunga mlevi kwa mlevi mwenzake."

"Sheria si inataka lifungwe?"

"Inataka lifungwe kwenye jengo. Kwenye ukuta."

"Ukuta ni wa mume wangu."

"Naweza kuongea naye?"

"Nenda makaburini."

Akasema pole. Alisema kwa adabu kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana nilikuwa na maneno mengine nimeyaandaa yakakosa pa kwenda. Akasema asipokuta limefungwa ukutani mwisho wa mwezi atamfungia karakana aliyeliuza. Nikamwambia atajua mwenyewe. Kwenye kutoka akaona chupa yangu ya mafuta ya taa kando ya jiko. Nimeyatia kwenye chupa ya juisi, kama watu wote.

"Naomba niiweke juu, mama."

"Hiyo nayo ina sheria?"

"Inayo. Sumu haitiwi kwenye chupa ya kinywaji."

Akaipandisha juu kabisa ya rafu, akaondoka na viatu vyake mkononi. Jioni nilipotaka kuwasha jiko ikabidi nipande kiti, mtu mzima na magoti yangu haya, namtaja yeye na ukoo wake wote.

24 Machi

Mtoto kafungiwa ndani na mvua wiki nzima, na mtoto aliyefungiwa ndani ni adhabu ya nyumba nzima. Mama yake ana wateja barazani toka asubuhi, vidole vimo kichwani mwa mtu, hawezi kunyanyuka. Kwa hiyo Kamanda yuko kwangu. Kapanda kochi. Kapanda mkono wa kochi. Kapanda meza, kasimama uso kwa uso na picha ya mume wangu, kamnyooshea kidole: "Kaa!"

"Huyo hakai, ameshalala," nikamwambia. "Shuka."

"Nani?"

"Babu."

Akamgusa pua kwenye kioo, akacheka. Nikamshusha. Nikageuka kukoroga chungu, akawa kapanda tena. Sijui anatafuta nini huko juu. Nilipomrudisha kwa mama yake nilimwambia, "Huyu wako ana damu ya fundi wa nguzo za umeme." Mama yake akasema ndiyo maana biskuti siku hizi anaziweka juu ya lile kabati jipya, kwenye kopo, Kamanda asizifikie.

28 Machi

Mvua. Umeme umekatika. Sina la kusema, na wa kumwambia pia sina.

3 Aprili

Bwana Futi kafanya kweli. Kafunga karakana ya Mdogo, kagonga na karatasi mlangoni. Mdogo kaja hapa kakunja uso, kakaa kwenye kochi na maji yanamtiririka, hakusalimia hata. Tumegombana mpaka mpangaji akaja kuchungulia.

"Dada, huu ukuta una nini? Una dhahabu?"

"Una mkono wa mume wangu."

"Shemeji alikuwa fundi. Angekuwa hai angetoboa yeye mwenyewe, tena angeninyang'anya mashine."

"Hayuko hai. Angekuwepo nisingekuwa na haja ya kuulinda."

Akaanza kukamua shati lake. Nilisema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema mbele ya mtu. Kila siku naupitishia kiganja ule ukuta, nikitoka kulala. Upo laini vilevile. Vitu vyake vingine vyote vimechakaa: koti limeliwa na nondo, redio imekufa, hata sauti yake siipati sawasawa siku hizi. Ukuta ndio haujachakaa. Na sasa mtu anataka kuutia matundu kwa sababu ya droo za soksi!

Mdogo kaondoka bila kunywa chai. Niimwage, niinywe peke yangu, sijui. Nimeinywa.

7 Aprili

Ukuta umeanza kutoa jasho upande wangu. Unyevu huu. Nimeupangusa.

11 Aprili

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Mvua ya leo ilikuwa ya kupiga mabati mpaka mtu hajisikii akiongea. Nilikuwa sebuleni, napinda pazia. Ghafla ukuta ukatoa kishindo, picha ya mume wangu ikateleza mezani, ikaanguka kifudifudi, kioo kikapasuka.

Nilijua moja kwa moja. Mdogo kaja kimya kimya kutoboa, kanizunguka nikiwa nashona! Niliiokota picha, nikatoka nayo mkononi, nikazunguka barazani nimepandwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Mpangaji alikuwa amekaa na mteja wake, mama mmoja muuza nguo, kasukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama.

"Nani anapigilia msumari kwangu?"

"Msumari gani, mama?"

"Humo ndani! Nani yumo?"

"Hakuna mtu. Kamanda tu, nimemlaza."

Tukatazamana. Sitaki kuukumbuka ule uso.

Mlango ulikuwa hausukumiki vizuri, kuna kitu kimeuzuia. Lilikuwa kopo la biskuti, limeviringika mpaka pale. Makabati yote mawili yalikuwa yamelala kifudifudi. La droo lilianguka kwanza likamvuta mwenzake, kioo kikamwagika chumba kizima. Kilichoyapokea ni ukingo wa kitanda, yakabaki yameegama hapo, na chini yake, kwenye uchochoro kati ya kitanda na sakafu, tuliona kandambili moja na mguu.

Mguu hausogei. Hakuna kilio.

Mama yake alilikamata kabati la droo akaanza kulinyanyua peke yake, binti mwembamba vile. Nikashika upande wangu. Likapanda kidogo likarudi. Tukavuta tena, likarudi tena, maana tukiinua la droo lile la nguo linalivuta chini kwa mkanda ule ule, mkanda wa mdogo wangu, mnene, wa kufungia malori. Nilipiga kelele nikisema kata, kata, na wala sikujua namwambia nani. Yule mteja ndiye aliyetoka mbio na kichwa chake nusu, akarudi na mkasi wa kukatia rasta, akaingiza mkono nyuma ya makabati akakata, anakata anasali. Mkanda ulipoachia, tukanyanyua.

Kamanda alikuwa macho wazi. Anatutazama. Uso mweupe kwa vumbi, droo moja imelala kifuani, mkono mmoja chini yake. Halafu akavuta pumzi, akapiga ukelele ambao sijawahi kusikia mtamu kama huo maishani mwangu.

Droo alizivuta moja moja kuanzia chini, kila moja kaivuta zaidi kidogo kuliko ya juu yake. Alijijengea ngazi. Mtoto wa miaka miwili na kitu!

Tulikimbia naye kwenye mvua mpaka barabarani, tukapata teksi. Mfupa wa bega umevunjika, ule mtulinga. Mbavu nzima, kichwa kizima. Daktari akasema bila kile kitanda tungekuwa tunaongea mengine. Alisema hivyo huku anaandika, bila kunyanyua uso, na mpangaji wangu akakaa chini pale pale sakafuni mwa hospitali.

Nimerudi sasa. Nimegundua nilikwenda mpaka hospitali na kurudi nikiwa na picha kwapani.

13 Aprili

Mdogo kaja, kasimama mlangoni kwa mpangaji, kashindwa kuingia. "Mkanda niliufunga mimi," akasema. Mpangaji akamwambia, "Na mimi niliuliza, nikacheka na nyinyi." Akamnyooshea kiti. Mimi nilikuwa nafagia vioo, nikaendelea kufagia. Hakuna aliyesema lolote kuhusu ukuta, na ule ukimya ulinichoma kuliko kama wangenitukana.

Mchana kaja Bwana Futi. Kafuta miguu. Nilimsubiri aseme "niliwaambia". Jibu nilikuwa nalo tayari, kali. Hakusema. Kauliza hali ya mtoto, kawekewa kiti barazani, kakaa.

Ikabidi nianze mimi. Nikamwambia hiyo sheria yenu mliitunga mmekaa kwenye viti vya kuzunguka, hamjui nyumba za watu, hamjui mpangaji haruhusiwi kutoboa, hamjui kuta zinatoka jasho masika, mmeandika mkaenda kunywa chai.

"Ni kweli, ya wapangaji hatukuifikiria," akasema. "Nitaipeleka."

Mtu anakukubalia hivyo unamfanya nini? Nikamuuliza nani basi aliyewaza mambo ya kufunga makabati.

"Alikuja mama mmoja ofisini na droo."

"Droo?"

"Droo tupu, ya mbao. Akaiweka mapokezi, akakaa. Tukamwambia arudi kesho. Akarudi kesho, na droo yake. Masika yote ya mwaka juzi alikuwa anakuja nayo, mpaka wakubwa wakaanza kuingilia mlango wa nyuma."

"Alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa na swali moja tu. Kabati lilitakiwa kufungwa na nani? Fundi, muuzaji, mwenye nyumba, au yeye? Hatukuwa na jibu. Hakuna mahali palipoandikwa. Ndipo ikaandikwa."

"Na mtoto wake?"

Akaichezea ile futi, akaivuta kidogo, akaiachia ikajirudi.

"Kabati alilichoma, mama. Ilibaki droo."

Nilikwenda ndani kumletea maji ya kunywa, nikakaa jikoni kidogo kabla ya kurudi.

14 Aprili

Nimempigia simu Mdogo nikamwambia njoo na mashine. Akauliza, "Ya kutoboa?" Nikamwambia hapana, ya kusaga unga. Kuna watu wanauliza maswali jamani!

Nimechagua mahali mimi mwenyewe. Nikaupitishia kiganja kwa mara ya mwisho, nikachukua penseli sikioni mwa Mdogo nikaweka alama. Nikafumba macho. Mashine ikaingia kama kijiko kwenye uji.

Nikafumbua. Mdogo kaizima, kaduwaa. Kwenye tundu ulikuwa unamwagika mchanga. Akatia kile kiplastiki cha kushikia skrubu, kikazunguka, kikatoka na mchanga zaidi. Akasogea kando, akatoboa tena. Mchanga. Juu kidogo: mchanga. Akachota kidogo akausugua kati ya vidole.

"Dada."

"Nini?"

"Hii si saruji."

"Ni nini?"

"Ni mchanga na matumaini."

Mpangaji akaziba mdomo. Mimi nilitoka nikaenda sebuleni, nikasimama mbele ya ile picha yenye ufa.

"Wewe bwana!" nikamwambia, kwa sauti, wote wanasikia. "Nimewafokea wapangaji mpaka wakahama, nimebandika kalenda kwa gundi, mwenyewe umekaa mezani kama sahani, namlindia mtu mchanga! Mwashi gani anaupunja saruji ukuta wa mkewe? Ungesema! Ungesema imekuishia tungenunua!"

Akanitazama na lile tabasamu lake la kujitia hamnazo. Alikuwa nalo hilo hilo siku zote, ukimshika na kosa. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Niliikumbuka sauti yake. Niliipata yote, ilivyo, akisema "Sasa mke wangu, si umesimama lakini?"

Kumbe.

Nikarudi kule chumbani nikamuuliza Mdogo tunafanyaje. Akasema ukuta kama huu haushiki skrubu hata ya kalenda. Dawa yake ni kutoboa mpaka ng'ambo, upitishe boliti ndefu, huku bamba la chuma na kule bamba la chuma, uubane ukuta katikati kama mkate. Ila boliti itatokeza sebuleni kwako.

"Itokeze," nikasema.

Akanitazama kuhakikisha ni mimi.

"Toboa, Mdogo, kabla sijabadilisha mawazo!"

15 Aprili

Limefungwa. Nimelivuta kwa mikono yote miwili, likanivuta mimi. La nguo nalo limepata boliti yake.

Boliti ya kabati la droo imetokeza sebuleni juu ya ile meza, na bamba lake la chuma, baya, limejaa grisi. Mdogo alitaka kuikata ncha. Nikamwambia iache. Nikachukua ile picha, nikaitundika. Imekaa sawa kabisa, imenyooka. Miaka yote hii shingo yangu inainama kumtazama mume wangu!

Mdogo akarudi nyuma hatua kidogo, akafuta mikono kwenye suruali. "Basi sasa shemeji ndiye aliyeshika kabati," akasema. Kamanda alikuwa mgongoni kwa mama yake, mkono umefungwa kwa kitambaa, akaitazama sana.

22 Aprili

Bwana Futi kaja kukagua. Kafuta miguu. Kavuta droo zote, kaning'inia kwenye ile ya juu, mtu mzima na miguu kaikunja, halikusogea. Upande wangu picha ilitikisika, ikatulia. Kabandua karatasi mlangoni kwa Mdogo leo leo, karakana imefunguliwa.

Kabla hajaondoka aliiona picha. "Mama, boliti ya usalama haitundikwi kitu."

"Hiyo nayo ina sheria?"

Akafikiri. "Haina."

"Basi."

Nikampa chai. Mafuta ya taa nimeyahamishia kwenye dumu lake. Nimemwonyesha, asije akadhani nimeyahamisha kwa kumwogopa. Ni magoti tu.

30 Aprili

Mteja wa kichwa nusu karudi kumaliziwa. Karuka gunia. Nimemwacha. Huyo aruke anavyotaka.

9 Mei

Kamanda kafunguliwa kitambaa. Mkono unanyanyuka mpaka juu. Mama yake kalia, mimi nimewafokea wote wawili kwa kusimama kwenye unyevu.

17 Mei

Mvua imekatika, sasa siku ya tatu jua linawaka. Baraza imekauka, nimelianika gunia, safi kama lilivyotoka dukani.

Alasiri nilikuwa nimekaa sebuleni napangusa miwani. Picha ikatikisika. Nikanyanyua uso. Ikatulia, ikatikisika tena, kidogo, halafu mara ya tatu. Droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikavua kandambili nikaupiga ukuta nayo, ukuta wa mume wangu, kwa nguvu zangu zote.

"Kamanda! Shuka!"

Kasauti kakaja kutoka ng'ambo, hakana wasiwasi wowote.

"Babu kanishika!"

"Hakukushika wewe, kashika kabati! Shuka!"

Picha ikatikisika mara moja, mara mbili, mara tatu, mtoto akishuka. Ikatulia, imenyooka.